Karavani ya Kalimoni na Rangi Yake ya Kwanza

Karavani ililetwa kwenye yadi yetu hapa Ruiru Jumatatu moja ya mwezi wa saba, ikivutwa na trekta ya shamba, na mwenyewe akitembea mbele yake kuonyesha dereva mashimo ya barabara. Alikuwa mama wa umri wangu, miaka arobaini na kitu, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Murera. Mtu fulani niliyemzibia tangi lililopasuka ndiye aliyempa namba yangu.

Aliniuliza kama najua kazi ya faiba. Nikasema najua, na hilo lilikuwa kweli. Nilifanya kazi miaka kumi na moja katika karakana moja ya Thika iliyotengeneza matangi ya maji, beseni za kunawia na vifuniko vya pikapu. Karakana ilipofungwa nikaja kupanga kona ya yadi hii, jirani yangu akiwa fundi wa kuchomelea mageti. Halafu akaniuliza kama nimewahi kushughulikia karavani. Nikasema nimewahi. Hilo halikuwa kweli. Sikuwa nimewahi hata kuingia ndani ya karavani.

Alinieleza habari zake huku akiipapasa ubavuni. Baba yake alikuwa dereva wa wazungu waliokuja kupima barabara, na walipoondoka walimwachia karavani waliyokuwa wakilala ndani yake. Akaivuta hadi kwenye shamba lake Kalimoni. Yeye na mkewe wakaishi humo miaka minne wakikusanya mawe ya kujengea nyumba, na mwalimu alizaliwa katika miaka hiyo. Baadaye ikawa stoo ya mahindi, kisha banda la kuku, na kila ilipobadilishwa kazi ilipakwa rangi mpya. Baba alishafariki. Sasa mama yake, mwenye miaka themanini na ushee, alikuwa anahamia kwa binti yake Murera kwa sababu miguu ilikuwa imemchosha. Katika vitu vyote vya Kalimoni aliomba kimoja tu kifuatane naye, na akataka kirudi kama kilivyokuja.

Shida ilikuwa kwamba hakuna aliyejua ilikuja na rangi gani. Mwalimu aliikumbuka ikiwa ya buluu. Mama yake alimwambia haikuwa buluu, haikuwa nyeupe, ilikuwa rangi ya baridi, basi. Mwalimu aliponiambia hivyo alicheka kidogo kwa aibu, kana kwamba ni yeye aliyetoa jibu lisilotosha. Alinipa wiki tatu. Hakutaka nipake rangi nyingine inayofanana. Alitaka ile ya kwanza yenyewe, kama bado ilikuwepo.

Nilianza siku hiyohiyo, na hapo ndipo nilipokosea.

Nilichukua kitambaa nikakichovya kwenye tina ya kuyeyushia rangi, nikasugua. Ile nyeupe ya juu ililainika mara moja ikashika kwenye kitambaa, nikajua ni rangi ya glosi ya nyumba. Chini yake kulikuwa na buluu ya mwalimu. Nikaona nisipoteze muda kwa kitambaa, nikawasha mashine ya msasa nikaanza mbele, chini ya dirisha kubwa. Ikatoka nyeupe, ikatoka buluu, ikatoka kijivu. Kisha ikaja tabaka nyembamba ya kijani iliyopauka kama chaki. Nikajiambia hiyo ni andakoti tu, rangi ya kutangulizia. Kichwani mwangu rangi ya kwanza ilikuwa nyeupe au ya maziwa, maana vitu vyote tulivyotengeneza Thika vilikuwa hivyo. Nikaendelea kukandamiza mashine.

Kilichonisimamisha ni harufu. Vumbi la rangi lina harufu yake, na vumbi la faiba lina yake, tamu-tamu, inayokaa kooni. Mikono ilianza kuniwasha hadi kwenye viwiko. Nilizima mashine nikafuta kwa maji, nikaziona nyuzi za kioo zimejitokeza kama nywele kwenye kipande cha sabuni. Kidonda hicho kilikuwa na ukubwa wa viganja viwili vilivyofunguliwa, na ukingoni pande zote kilikuwa kimezungukwa na ule ukijani.

Nieleze kitu kimoja hapa, kwa sababu ndicho kilichoninyima usingizi. Kwenye kazi ya faiba rangi haipakwi mwisho. Inakuja kwanza. Unachukua kalibu, unaipaka ndani kwa rangi nzito tunayoiita jelikoti, ikishika ndiyo unaweka nyuzi za kioo na gundi yake kwa nyuma. Ukitoa kitu kwenye kalibu, kinatoka kikiwa tayari na ngozi yake. Ngozi hiyo ni nyembamba kuliko kadi ya mwaliko, na ukiikwangua ikaisha, imeisha. Mambo hayo nilikuwa nimeyafundisha wengine. Na siku ya kwanza ya kazi niliyodai kuijua, nilikuwa nimeisaga ngozi ya karavani ya watu nikidhani ni andakoti.

Nilichukua gazeti na utepe nikapafunika mahali pale. Jioni mwalimu alipitia akitoka shule. Nilimpeleka upande wa pili nikamwonyesha zile tabaka za rangi kwenye kona ya mlango, akafurahi kuona buluu ya utoto wake. Aliliona lile gazeti akauliza. Nikamwambia hapo ndipo ninapofanyia majaribio. Aliponiaga alinishukuru, na shukrani hiyo nilienda nayo nyumbani kama jiwe kwenye kiatu.

Asubuhi iliyofuata nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilitoa raba ya dirisha la pembeni polepole kwa kisu cha mbao. Chini ya raba hapakuwahi kufika jua, mvua wala brashi ya mtu. Niliona kijani kibichi chenye kina, kama nyama ya parachichi pale karibu na ganda. Nilikisugua kwa tina na kitambaa kikabaki cheupe, maana jelikoti iliyokomaa hailainishwi na tina. Kisha nikasogea kidole kimoja nje ya mstari wa raba. Nikatoa rangi za juu kwa mkono na kufika kwenye kile kijani kilichopauka. Nikakisugua kwa maji na msasa laini kabisa. Upaukaji ukaondoka, na chini yake ukatokea ukijani uleule wa parachichi.

Hivyo nilijua. Rangi ya kwanza ilikuwa bado ipo karavani nzima, imefunikwa tu, isipokuwa mahali pa ukubwa wa viganja viwili ambapo ilikuwepo hadi jana yake saa tisa.

Nilipanga kazi upya. Sikugusa mashine tena. Dawa ya kutolea rangi nayo sikuitumia, kwa sababu hula jelikoti pamoja na rangi. Nilikwangua kwa mkono na kusugua kwa msasa wa maji, na nikifika kwenye kijivu napunguza nguvu. Nikiona kijani, naacha. Kwa saa nzima nilikuwa nasafisha eneo la mlango mmoja wa kabati. Vidole vilikunjamana kwa maji baridi, na mwezi wa saba huku kwetu jua linaweza kukaa siku nne bila kuonekana. Kila saa moja nilijikuta nimetazama lile gazeti. Simu ikilia nilishtuka. Mwalimu alipiga kila siku wakati wa chakula cha mchana, kwa upole tu, kuuliza tumefika wapi, na kila siku nilimweleza kila kitu isipokuwa kimoja.

Kiraka kiliwezekana. Jelikoti inaweza kuwekwa kwa nje kwa brashi, ikasuguliwa hadi ilingane. Kuipaka nilijua. Kuchanganya ile rangi ndiko sikujua. Nilijaribu mara tatu kwenye vipande vya kadibodi. Ya kwanza ilitoka na ubuluu, ya pili ilifanana na ukuta wa wodi, na ya tatu sikupenda hata kuitazama. Kule karakana kuchanganya rangi ilikuwa kazi ya mtu mmoja, msimamizi wetu, mzee tuliyemwita fundi mkubwa. Alikuwa akitazama kitu mara moja na kukwambia kina nini ndani yake. Nilijua anapoishi, Kiganjo, Thika. Nilijua pia kwa nini nilikuwa sijakanyaga huko miaka sita.

Ilikuwa asubuhi ya baridi kama hizi. Tulikuwa na ndoo mbili za gundi ya matangi. Gundi hiyo haishiki bila hadina, maji fulani makali ambayo hupimwa kidogo sana kwa bomba la sindano. Yakipungua kazi inabaki inanata daima. Mzee alikuwa ametukataza kugusa hadina. Aliweka kwenye ndoo ya kwanza, akaitwa getini kupokea mzigo. Tulikuwa tumechelewa, na mimi nilikuwa nimemwacha mtoto nyumbani na homa, nikitaka kazi iishe nipate ruhusa. Nikaweka hadina kwenye ndoo ya pili kwa kukisia, nikakoroga, tukaanza. Aliporudi akatukuta tunapaka, akaamini amezipima zote mbili.

Matangi ya ndoo ya pili hayakushika. Siku ya tatu bado yalikuwa yakinata, yakakatwa vipande na kutupwa. Mwenye karakana alituita sote. Mzee alisema hadina ni kazi yake, basi kosa ni lake. Mwenye karakana hakuridhika, akanigeukia mimi niliyekuwa karibu na ndoo, akaniuliza ni nani aliyeweka hadina. Nikasema ni yeye. Maneno mawili tu. Mwisho wa mwezi mzee aliambiwa apumzike.

Nilienda Kiganjo Jumamosi, nikiwa na kipande kidogo cha faiba nilichokata ndani ya ukingo wa dirisha, mahali ambapo raba ingefunika. Nililipita geti lake mara mbili kabla ya kubisha.

Alinipokea kwa furaha, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angenifukuza. Aliniuliza habari za watoto, akakumbuka hata yule aliyekuwa na homa. Siku hizi alikuwa anafuga kuku, na kibanda chao kilikuwa kisafi kama jikoni. Alinimiminia chai mwenyewe. Nilipompa kile kipande alikilowesha kwa kidole, akatoka nacho uani, akakiinua kwenye mwanga. Aliniambia ndani yake kuna nyeupe, kijani, njano kidogo, na tone la nyeusi. Watu husahau nyeusi, alisema, ndiyo maana kijani chao hupiga kelele.

Nikamwomba aje Ruiru anichanganyie. Alitikisa kichwa akitabasamu. Alisema ameacha mambo hayo.

"Mkono wangu uliharibika," alisema. "Si unakumbuka yale matangi. Mpaka leo nikilala najiuliza siku ile nilipima nini."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeshapata nilichohitaji kujua: nyeupe, kijani, njano, tone la nyeusi. Ningeweza kumaliza chai, nikashukuru, nikaondoka, nikajaribu mwenyewe mpaka nipatie. Hakuna mtu duniani angejua. Nilifikiri pia kwamba nikimwambia, nitakuwa nimejitua mzigo mimi na kumtwika yeye, na sikujua kama nina haki hiyo. Lakini alikuwa amekaa pale akiutazama mkono wake wa kulia kama mtu anayetazama chombo kilichomwangusha. Nikashindwa.

"Mzee," nilisema, "ile ndoo ya pili si wewe uliyeweka hadina. Ni mimi."

Aliweka kipande mezani.

"Ya pili?"

"Ya pili. Ulikuwa getini."

"Na mwenye karakana alipokuuliza?"

"Nilisema ni wewe."

Aliinuka akaenda kwenye kibanda cha kuku. Nilisikia akimwaga maji ya zamani na kuweka mapya, chombo kimoja baada ya kingine. Alikaa huko muda mrefu mpaka chai yangu ikafanya utando juu. Aliporudi hakuketi.

"Kuna kazi tatu nilizikataa kwa sababu ya ndoo hiyo," alisema. "Watu walikuja hapa kunibembeleza. Niliwaambia macho yangu yameisha."

Nilisema pole. Neno lilikuwa dogo sana nikaona afadhali ningenyamaza. Akaniambia niende. Hakuongeza sauti. Nilipotaka kuchukua kile kipande akasema kipande nikiache.

Nilirudi Ruiru bila kipande na bila mtu wa kunichanganyia rangi. Jumapili sikwenda kanisani. Jumatatu, mwalimu alipopiga simu saa ya chakula, nilimwambia apitie jioni, kuna kitu nataka akione. Alikuja haraka, bado ana chaki kwenye mkono wa sweta. Karavani kwa wakati huo ilikuwa kijani zaidi ya nusu, na alipoiona alifunika mdomo. Nikamwacha afurahi kidogo. Kisha nikavuta lile gazeti.

Alisogea akatazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama daftari la mtoto. Nikamweleza kila kitu: mashine, andakoti niliyoidhania, gazeti, majibu yangu ya simu. Aliniuliza swali moja.

"Kwa nini uliniambia umewahi kufanya karavani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba niliogopa angempa mtu mwingine. Alisema nisiguse tena chochote mpaka afikirie. Akaondoka bila kuniaga.

Siku mbili zilizofuata simu haikulia. Nilikuwa nimezichoka zile simu za mchana, sasa nikawa nazitamani. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya karavani iliyovuliwa nusu, sina ruhusa ya kuigusa. Jirani yangu wa mageti aliniuliza kama ninaumwa. Jumatano jioni mwalimu alipiga. Sauti yake ilikuwa kavu. Alisema niendelee, kwa sababu mama yake anahamia Jumamosi ya wiki ijayo na hana pa kuipeleka kwingine. Kile kidonda nitakifanyia nitakavyoweza. Mama yake asiambiwe kitu kabla hajaona kwa macho yake.

Alhamisi asubuhi nilifika yadi nikamkuta mzee amesimama kando ya karavani. Alikuwa amevaa koti lake la zamani la kazi, ana mfuko wa karatasi mkononi. Sijui alitoka Thika saa ngapi. Nilimwamkia, akaitikia, basi. Alitoa kwenye mfuko mizani ndogo, mabomba ya sindano matatu na kile kipande kikiwa ndani ya kitambaa. Aliuliza makopo yako wapi.

Alichanganya asubuhi nzima. Aliweka tone, akakoroga, akapaka alama kwenye ubavu wa karavani, akarudi nyuma hatua tano, akafumba macho na kuyafumbua. Akafuta. Akaweka tone tena. Mimi nilishika makopo. Karibu na saa sita alipaka alama nyingine, akarudi nyuma, na sikuweza tena kuiona ile alama ilipo.

Nilikuwa nimeshajaza mashimo ya kidonda na kukisugua kikawa tambarare. Ilibaki hadina. Alivuta kwa bomba la sindano, akaliinua machoni pangu, akaisoma ile namba kwa sauti. Kisha akanipa bomba nami niisome. Nilisoma. Akaimwaga kwenye kopo. Nikapaka kwa brashi, nene kidogo kuliko inavyohitajika, na tukafunika kwa plastiki nyororo, maana jelikoti ikiachwa kwenye hewa uso wake hukataa kukauka. Alirudi Thika bila kula.

Jioni niligusa juu ya plastiki, bado ilikuwa laini. Nikajiambia ni baridi. Saa kumi na mbili asubuhi mzee alipiga simu, na nikajua kwamba na yeye hakulala.

"Imeshika?"

Nilikuwa nimeshafika yadi, nimesimama mbele ya kiraka. Nilinyanyua kona ya plastiki nikagusa kwa kidole, na kidole kikaacha alama. Nilitamani kusema imeshika. Nilitamani sana, kuliko nilivyowahi kutamani kumdanganya mtu, kwa sababu niliwaza atauangalia tena ule mkono wake.

"Bado," nilisema. "Inanata."

Nikatazama simu kama imekatika. Halafu akasema anakuja.

Aliwasili kabla ya saa tatu. Hakugusa kiraka. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa karavani, akasema ukuta una baridi kama chuma. Tuliazima taa ya balbu kubwa kwa jirani wa mageti, tukaiweka ndani ya karavani ikiangaza ukuta kwa nyuma, mbali kiasi isije ikaunguza. Tukakaa kungoja. Sijawahi kungoja kitu hivyo, hata majibu ya hospitali. Ya karavani nilikuwa nimeshayakubali, iwe itakavyokuwa. Nilikuwa namwogopea mzee. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mikono ikiwa katikati ya magoti. Kila aliposogea nilifikiri anaondoka. Tulizungumza mara moja tu, aliponiuliza yule mtoto wa homa yuko darasa la ngapi sasa. Nikamjibu yuko sekondari.

Mnamo saa saba mawingu yalipungua kidogo. Saa nane na nusu aliinuka, akanyanyua kona ya plastiki, akakandamiza kwa ukucha wa kidole gumba. Akasogea katikati akakandamiza tena. Akavuta plastiki yote. Ilitoka ikilia, ukuta ukabaki unang'aa, na ukucha wake haukuwa umeacha kitu.

Alienda nyuma ya karavani, mahali nilipokuwa simwoni, akakaa huko kidogo. Aliporudi alifungasha mizani na mabomba yake, akanieleza nianze na msasa gani na niishie na upi kabla ya nta. Aliniambia pia kwamba kiraka kitaonekana. Rangi ni yenyewe, alisema, lakini hii haijakaa juani, na ile nyingine imekaa. Itachukua miaka ifanane.

Nilimaliza Ijumaa ya wiki iliyofuata. Jumamosi trekta iliivuta hadi Murera, ikawekwa kando ya nyumba ya mwalimu chini ya ukingo wa paa. Alinitaka niwepo. Alikuwa bado hanitazami usoni sawasawa, lakini alikuwa ameniandalia kiti.

Shosho, mama yake mwalimu, aliletwa saa nne. Alishuka kwenye gari kwa shida, akasimama na fimbo yake. Hakulia wala kushangaa kama tulivyotarajia. Alianza kuizunguka taratibu, mkono mmoja ukipita ukutani, na sisi wawili tukimfuata nyuma kama watu wanaongoja kusomewa matokeo. Kwenye mlango alilalamika kwamba kitasa si chenyewe, na kweli, kile cha zamani kilikuwa kimeoza. Akafika mbele, chini ya dirisha kubwa. Mkono ukasimama. Jua lilikuwa linapiga kwa ubavu na kiraka kilionekana wazi, kijani kilichokolea kidogo, ukubwa wa viganja viwili. Nilisikia mwalimu akivuta pumzi.

"Hapa mmeweka mpya," shosho alisema.

Nilimjibu kwamba ndiyo, niliharibu mimi, nikatengeneza.

Alikipapasa tena, akasema sawa. Kisha akauliza kama ndani mnaweza kupikwa chai, na binti yake akamwambia haiwezekani, jiko lilitolewa zamani. Aliingia hata hivyo. Alikaa kwenye benchi la ndani karibu saa nzima, mlango ukiwa wazi, na mwalimu akampelekea chai humo kutoka jikoni. Nilipoaga, mwalimu alinisindikiza hadi barabarani. Alisema sasa ameelewa rangi ya baridi ni ipi. Halafu akasema hatasahau lile gazeti, na nikamwambia hata mimi.

Nilimpigia mzee jioni ile kumweleza. Aliuliza kama kiraka kimepata umande na kama kimefanya weupe. Nikamwambia hapana. Akasema vizuri, akakata.

Baadaye nilisikia kwamba mojawapo ya zile kazi alizokataa ameikubali, beseni za shule fulani upande wa Juja. Hajawahi kuniambia amenisamehe, na mimi sijamuuliza. Mwezi uliopita alipiga kuuliza kama nimebakiwa na rangi ya njano, kopo lake limekauka. Nikampelekea Kiganjo. Alilipokea getini, akalitikisa sikioni kupima limebaki kiasi gani, na kwa muda nilifikiri ataniacha hapohapo. Manyunyu yalikuwa yameanza. Akafungua geti zaidi, akaniambia niingie nisilowe.